Dada yangu atajifungua Italia: viza ya kwenda kumtembelea niiombe vipi?

Swali

Asalaam aleikum. Mimi ni mfanyabiashara wa leso, madira na vikoi, nina duka dogo mjini Malindi na naishi Shela. Mdogo wangu ameolewa na Mwitaliano, wanakaa karibu na Bergamo. Anatarajia kujifungua kati ya mwezi wa Mei na anataka niwe naye mpaka atoke arubaini. Pasipoti ninayo, lakini sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki. Kijana mmoja anayeshughulikia viza ameniambia niandike kwamba naenda kutalii, ninunue tikiti kabisa, na niweke laki tatu benki siku chache kabla ya kuchukua statimenti. Pesa hizo yuko tayari kunikopesha kwa riba. Je, ndivyo inavyofanywa?

Jibu

Waaleikum salaam dada, na hongereni kwa mtoto anayekuja. Mungu amjaalie mdogo wako uzazi mwepesi.

Hapana, sivyo inavyofanywa. Katika mambo matatu uliyoambiwa hakuna hata moja litakalokusaidia, na mawili yanaweza kukunyima viza ambayo, kwa hali yako halisi, una nafasi nzuri ya kuipata. Mkopo huo usiuchukue.

Tuanze na hiyo viza yenyewe. Italia imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi na zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, lenye nchi 29 tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu Januari 2025. Mgeni wa muda mfupi huomba viza ya aina C, inayomruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Mtalii na anayekwenda kumwona ndugu yake wanaomba viza hiyo hiyo, kwa fomu hiyo hiyo, kwa ada hiyo hiyo ya euro 90. Kinachotofautiana ni kisanduku kimoja cha kusudi la safari, na karatasi zinazoambatanishwa. Kwa hiyo kuandika utalii hakukupunguzii gharama wala usumbufu. Kunakuongezea: utatakiwa uonyeshe malazi ya usiku wote na ratiba ya matembezi. Mwenye duka la leso Malindi anayelala hotelini peke yake karibu miezi miwili, katika mji mmoja, ni habari gani hiyo? Afisa hakujui wewe. Anachokijua ni karatasi zilizo mbele yake, na kazi yake ni kutazama kama zinasema jambo moja. Weka alama kwenye kisanduku cha kutembelea jamaa au marafiki, kwa sababu ndiyo kweli, na kweli ndiyo utakayoweza kuithibitisha kwa kila karatasi.

Lakini chunga maneno. Sisi tukisema mtu anakwenda kumlea mzazi, tunaelewana: kumkanda maji moto, kumpikia uji, kumpokea mtoto ili mama apate usingizi. Ukiiandika kwa lugha ya watu, "naenda kulea mtoto wa dada yangu", msomaji wa kigeni anaweza kuona yaya anayekwenda kufanya kazi, na viza ya aina C hairuhusu kazi ya malipo. Andika hivi: naenda kumtembelea dada yangu wakati wa kujifungua kwake, nitakaa nyumbani kwake, na hakuna malipo yoyote.

Jambo jingine linalowachanganya watu wa Malindi, ambako familia za Kiitaliano na za wenyeji zimeoana miaka mingi: kuwa na shemeji Mwitaliano hakukuingizi kwenye njia ya mkato ya wanafamilia wa raia wa Ulaya. Njia hiyo ni ya mume au mke, watoto, na wazazi wanaotegemea. Ndugu wa mke hayumo. Utalipa ada kamili na utaleta karatasi zote kama mwombaji mwingine yeyote.

Tarehe kwanza

Tarehe ndizo zinazobeba kila kitu kingine, kwa hiyo tuzihesabu. Tuseme daktari ametaja Mei 15. Ukifika Mei 8 unakuwa na wiki moja ya kuzoea nyumba. Mtoto akichelewa siku 10 akazaliwa Mei 25, arubaini itaangukia Julai 4. Ukipanga kurudi Julai 6 umejiachia nafasi, na jumla ni siku 60, maana siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa.

Siku 60 ni nyingi kwa mtu anayesafiri mara ya kwanza, sikufichi. Kadiri siku zinavyozidi, ndivyo swali la "duka anamwachia nani?" linavyokuwa zito. Lakini muda huu una sababu inayoonekana, nayo inathibitishwa na cheti cha daktari wa huko kinachotaja tarehe ya kutarajia kujifungua. Usiombe 90 kwa kuwa tu sheria inaruhusu. Siku zisizo na sababu ndizo zinazozua shaka.

Ombi haliruhusiwi kupelekwa mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala kuchelewa hadi zimebaki chini ya siku 15. Kwako wewe ni kati ya Novemba 8 na Aprili 23, lakini hiyo tarehe ya mwisho isahau. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 na unaweza kurefushwa hadi 45 wakitaka kuchunguza zaidi. Pia miadi yenyewe husongamana watu wanapojiandaa kwa majira ya joto ya Ulaya. Lenga kuwasilisha jalada lako kabla Machi kuanza, ili hata zikichukuliwa siku 45 uwe na jibu kati ya Aprili.

Fedha

Hapa ndipo kijana wako alipokosea zaidi, na ndipo wanawake wengi wa biashara ndogo wanapoharibiwa maombi yao na watu wanaodai kuwasaidia.

Italia ina jedwali lake la kiwango cha chini cha fedha za kujikimu, lililowekwa na wizara ya mambo ya ndani kwa agizo la tarehe 1 Machi 2000. Kwa mtu mmoja anayekaa zaidi ya siku 20, ni euro 206.58 kwa safari nzima na euro 27.89 kwa kila siku. Siku zako 60 zinakuwa euro 1,673.40, ukijumlisha na zile 206.58 unapata euro 1,879.98. Ukiwa nacho kiasi hicho hujaahidiwa viza, lakini sasa unajua unapimwa kwa kipimo gani, badala ya kubabaika na laki tatu au laki tano za kubuni. Tena wewe utalala na kula kwa mdogo wako, na sheria ya viza inakubali malazi na udhamini wa mwenyeji kuwa sehemu ya ushahidi wa kujikimu. Shemeji yako akiandika kwamba gharama za kukaa ni zake, na akaonyesha hati za mshahara wake, mzigo wako unapungua sana.

Sasa hiyo laki tatu ya ghafla. Afisa hatazami salio la mwisho peke yake. Anasoma kutoka juu hadi chini. Akiona akaunti inayoingiza elfu tano leo, elfu nane keshokutwa, ikitoka kulipia mzigo wa leso, ikirudi tena, amekuona wewe na duka lako. Akiona miezi mitano ya utulivu halafu laki tatu zinaingia siku mbili kabla ya statimenti kuchapishwa, ameona mkopo. Fomu ya kukataliwa ina kisanduku cha kusema taarifa ulizotoa kuhusu safari yako haziaminiki, na akishakipiga alama, hata zile karatasi zako za kweli zinaanza kutiliwa shaka. Elfu themanini zilizokusanyika pole pole kutoka kaunta ya duka zina nguvu kuliko laki tatu zilizodondoka kutoka juu.

Kwa hiyo fanya hivi kuanzia leo. Mauzo ya kila siku, au ya kila siku mbili, yapeleke benki, hata kama ni madogo. Wanaopokea pesa kwa M-Pesa pekee wana historia nzuri ya biashara ila haionekani benki, kwa hiyo chukua statimenti ya M-Pesa ya miezi 6, uichapishe yote, uiambatanishe na ya benki ya miezi 6 hiyo hiyo iliyopigwa mhuri na tawi. Kama una nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka, statimenti yake ni bora zaidi kwa kuwa inatenganisha pesa za wateja na pesa za nyumbani.

Ukiwa kwenye mchezo au chama na zamu yako ikakuangukia katika miezi hiyo, pesa hizo ni halali kabisa, ila zieleze. Omba barua fupi yenye sahihi ya mwenyekiti na mweka hazina: kikundi kina watu wangapi, kila mmoja hutoa kiasi gani, zamu yako ilikuwa tarehe ngapi. Ambatanisha nakala ya ukurasa wa daftari. Vivyo hivyo ukiuza kitu, weka makubaliano ya mauzo. Kanuni ni kwamba kila kiasi kilichozidi mwendo wa kawaida wa akaunti kiwe na karatasi yake nyuma.

Kwa nini utarudi

Sababu inayowanyima watu wengi ni shaka kwamba hawatarudi kabla ya viza kwisha. Neno "nitarudi" halithibitishi kitu. Wewe una duka, na duka ni hoja nzuri kuliko unavyodhani.

Weka kibali cha biashara cha kaunti ya Kilifi cha mwaka huu, kwa jina lako. Weka mkataba wa kukodi duka, cheti cha PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na cha kutii kodi, ambavyo vyote hupatikana kwenye iTax, mtandao wa mamlaka hiyo. Kama hujawasilisha ripoti za kodi, zimalize mapema, kwani cheti hakitoki ukiwa na deni au ripoti zilizokosekana. Ongeza risiti chache za mzigo unaonunua, na picha mbili za duka, moja ya nje yenye bango na moja ya ndani. Halafu andika jina la atakayesimamia duka siku hizo 60, naye aweke barua na nakala ya kitambulisho. Barua hii husahauliwa karibu na kila mtu, na ndiyo inayojibu lile swali zito.

Kuna jambo ambalo mtu aliyeko Nairobi hawezi kulijua usipomwambia. Mei na Juni kwetu ni masika na kusi. Hoteli nyingi za Malindi hufunga au hupunguza watu, wageni hupungua, na vikoi havitoki. Unasafiri wakati duka liko chini, unarudi Julai kujiandaa kwa wageni wa Agosti. Liandike hilo kwenye barua yako kwa sentensi mbili. Mtu anayepanga safari kwa kufuata msimu wa biashara yake anaonyesha anaitegemea biashara hiyo.

Kwa familia: cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi kama umeolewa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya shule. Ruhusa ya mume si sharti la viza kwa mtu mzima. Na kama nyumba mnayoishi ni ya familia na ardhi haina hati, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, usihangaike kutafuta hati wala usikubali kutengenezewa. Barua ya chifu inayothibitisha makazi inatosha kueleza unapoishi. Hati moja ya kughushi ikigunduliwa, jalada zima limekufa, na kumbukumbu ya kunyimwa hukaa miaka 5 kwenye mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen.

Karatasi za kutoka Bergamo

Mwambie mdogo wako na mumewe watume haya, mengine yanapatikana kwa siku moja:

- barua ya mwaliko, ile lettera d'invito, kwa fomu inayotumiwa na ubalozi wa Italia, ikiwa imejazwa na kutiwa sahihi, yenye tarehe zile zile za fomu yako;
- nakala ya kitambulisho au pasipoti ya shemeji, na nakala ya kibali cha kukaa cha mdogo wako;
- uthibitisho wa nyumba, yaani mkataba wa kupanga au hati ya umiliki;
- hati za mshahara za karibuni au ripoti ya kodi, ikiwa wanadhamini gharama;
- cheti cha daktari chenye tarehe ya kujifungua.

Halafu kuna undugu wenu, ambao hauthibitishwi kwa picha za harusi. Unathibitishwa kwa vyeti vya kuzaliwa vya nyote wawili vyenye majina ya baba na mama yanayolingana. Hapa watu wa pwani tuna tatizo letu wenyewe. Cheti kimoja kimeandika Aisha, kingine Esha. Baba ni Athman kwako na Athumani kwa mdogo wako. Pasipoti ina majina matatu, cheti kina mawili. Kwetu ni mtu yule yule, lakini kwa asiyejua Kiswahili ni watu wawili. Panga vyeti vyote mezani leo, usome herufi kwa herufi. Tofauti ndogo hueleweka kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikitaja namna zote jina lilivyoandikwa na kusema ni la mtu mmoja. Kosa likiwa kwenye cheti chenyewe, ni bora kulisahihisha kwa msajili, na hilo huchukua muda, ndiyo maana nasema leo.

Vitu vidogo vinavyorudisha watu mlangoni

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na uhai wa miezi 3 au zaidi baada ya siku ya kutoka Schengen (kwako, hadi Oktoba 6 angalau) na iwe na kurasa 2 tupu.

Bima ya safari iwe na kinga ya euro 30,000 au zaidi, ihusu matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo, na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zote 60. Kampuni za bima za Kenya huitoa haraka. Soma tarehe na jina kabla hujatoka ofisini mwao: bima inayoanza siku moja baada ya kufika kwako ni bima yenye pengo.

Tikiti usinunue. Kinachotakiwa ni nafasi iliyowekwa ya kwenda na kurudi, yenye jina lako na tarehe zako. Chukua kwa wakala wa ndege anayejulikana, umwombe nafasi itakayodumu muda wa kutosha, maana nyingine hufutika zenyewe baada ya siku mbili tatu na afisa akitazama hakuna kitu. Kulipa tikiti kamili kabla ya jibu ni kucheza na pesa za duka.

Picha ni za milimita 35 kwa 45, mandhari ya rangi hafifu, zisizozidi miezi 6. Mtandio unaruhusiwa kwa sababu za dini, mradi uso wote uonekane kuanzia kidevuni mpaka juu ya paji, bila kivuli. Nikabu itafunuliwa.

Na vidole. Utachukuliwa alama za vidole vyote 10, na mashine husumbuka na ncha zenye hina, piko, au vidonda vya kisu na mbuzi ya nazi. Ukiwa na harusi wiki mbili kabla ya miadi, pakwa mikono na miguu ukipenda, ila ncha za vidole ziache. Alama hizo huhifadhiwa miezi 59, hivyo ukiomba tena ndani ya muda huo kwa kawaida hazichukuliwi upya.

Barua yako na siku ya Nairobi

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza au Kiitaliano. Iseme wewe ni nani na unafanya biashara gani tangu lini, unakwenda kwa nani na kwa sababu gani, tarehe ya kwenda na ya kurudi, nani analipa nini, duka linabaki na nani, na kwa nini umechagua miezi hiyo. Usianze kusifu Italia wala kuomba huruma. Mtu mwingine anaweza kukuandikia, lakini uielewe kila sentensi, kwa sababu ukiulizwa utajibu mwenyewe. Barua nzuri ambayo mwenyewe haijui imewaponza wengi.

Ombi la mkaazi wa Kenya anayekwenda Italia huamuliwa na ubalozi wa Italia ulioko Nairobi. Kituo kinachopokea maombi kwa niaba yake hutoza ada yake ya huduma juu ya zile euro 90, na zote mbili hazirudi ukinyimwa. Miadi huchukuliwa kwa mtandao, haiuzwi. Anayekuuzia miadi anakuuzia kitu cha bure.

Lazima uende mwenyewe kwa sababu ya vidole. Usijaribu kutoka Malindi usiku ili uingie kwenye miadi ya asubuhi. Barabara ni ndefu, na treni ukiifuata Mombasa inaweza kukufikisha umechoka au umechelewa. Fika siku moja kabla. Beba karatasi halisi na nakala ya kila moja, zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa barua yako: wewe, safari, wenyeji, fedha, duka, familia. Ukiulizwa swali kwenye kaunta jibu kwa ufupi na kwa kweli. "Nani atalipa?" jibu lake ni sentensi moja, na iwe ile ile iliyo kwenye fomu.

Jibu likitoka

Viza ikitoka, isome hapo hapo. Angalia jina, nambari ya pasipoti, idadi ya kuingia, na mistari miwili ambayo watu huichanganya. Mmoja unaonyesha viza inatumika kuanzia lini hadi lini. Mwingine unaonyesha siku unazoruhusiwa kukaa. Kipindi cha matumizi kwa kawaida huongezwa siku 15 ili ndege ikiahirishwa usikwame, kwa hiyo unaweza kuona Mei 8 hadi Julai 21 pamoja na siku 60. Haina maana ukae mpaka Julai 21. Siku zako ni 60, na ya 61 ni kosa litakalokufuata kwenye kila ombi lijalo. Vilevile huwezi kuingia kabla ya tarehe ya kwanza, hata mtoto akizaliwa Aprili.

Ukinyimwa, utapewa fomu yenye sababu zilizopigwa alama. Isome kabla ya kulia, dada, kwa sababu inakuambia pa kurekebisha. Kisanduku cha fedha hurekebishwa kwa statimenti na udhamini. Cha kusudi la safari, kwa mwaliko na cheti cha daktari. Cha shaka ya kurudi, kwa duka. Kwa Italia unaweza kukata rufaa katika mahakama ya utawala ya Lazio iliyoko Roma ndani ya siku 60, lakini hiyo inahitaji wakili na haitamsubiri mtoto. Kwa safari kama yako, kuomba upya na karatasi iliyokosekana huwa ni nafuu zaidi. Hakuna muda wa lazima wa kusubiri. Usifiche kwamba ulinyimwa, maana wanaona, na usirudishe jalada lile lile bila kubadilisha kitu.

Unaposafiri, nakala za mwaliko, bima, tikiti ya kurudi na statimenti ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Afisa wa mpakani ana haki ya kukuuliza yote upya hata ukiwa na viza. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo wa kusajili wageni kwa picha ya uso na vidole mpakani, kwa hiyo siku zako zinahesabiwa na kompyuta. Mdogo wako na mumewe wana kazi moja baada ya wewe kufika: kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48 kwamba wanamlaza mgeni asiye raia wa Ulaya. Na hapa njia ya ndege ina umuhimu. Ukipitia Addis Ababa ukashuka moja kwa moja Milano au Roma, umeshakaguliwa kwenye mpaka wa Italia wenyewe. Ukipitia nchi nyingine ya Schengen, Ujerumani kwa mfano, utakuwa umeingilia huko, na utatakiwa kujitambulisha mwenyewe kwenye ofisi ya polisi, Questura, ndani ya siku 8 tangu ufike Italia. Kwa mwenye mzazi wa siku chache nyumbani, ni safari moja ya kuepuka kwa kuchagua tikiti nyingine.

Ukirudi Malindi, tunza karatasi ya kupandia ndege ya kurudi pamoja na pasipoti. Mtoto akianza kutembea utataka kwenda tena, na viza iliyotumika vizuri ndiyo karatasi ya kwanza ya jalada hilo.